Kwa nini 2,147,483,647 haigawanyiki

Namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024, yaani 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukitoa 1, ina tarakimu 41,024,320, lakini mimi huvutiwa zaidi na ndugu yake mdogo, 2,147,483,647. Huyu ni 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, na sababu za kutogawanyika kwake zinaweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi. Waandishi wa programu za kompyuta wanaifahamu namba hii kuwa kikomo cha namba kamili yenye ishara (chanya au hasi) katika biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, ingawa kikomo hicho kinatokana na kipeo chenyewe, wala hakihusiani na utasa wake.

Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliitaja kuwa tasa mwaka 1644 pasipo uthibitisho wowote, katika orodha ambayo baadaye iligunduliwa kuwa na makosa. Uthibitisho ulikuja mwaka 1772 kutoka kwa Leonhard Euler, aliyekuwa amekwisha kupoteza karibu uwezo wake wote wa kuona.

Kama namba hii ingegawanyika, ingekuwa na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na ushei, na chini ya hapo zipo namba tasa zaidi ya 4,700. Kuzijaribu zote ni kazi ya kuchosha, tena isiyo ya lazima. Tuchukulie kwamba namba tasa q inaigawa bila baki. Hapo 2 kwa kipeo cha 31, ikigawanywa kwa q, huacha baki 1. Na kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa, hakuna kipeo kidogo zaidi, ukiacha sifuri, kinacholeta baki hiyo; lakini kipeo cha q − 1 nacho huileta daima, jambo linalolazimisha 31 iigawe q − 1. Kwa vile q − 1 pia ni shufwa, q haina budi kuwa kigawe cha 62 kilichoongezwa 1. Vilevile, 2 kwa kipeo cha 32 huacha baki 2, nayo ni mraba wa 2 kwa kipeo cha 16. Hilo huwezekana tu pale q inapogawanywa kwa 8 na kuacha 1 au 7.

Masharti hayo mawili yakiunganishwa, q ikigawanywa kwa 248 lazima iache 1 au 63. Namba 63 si tasa, 249 ni 3 mara 83, kwa hiyo ya kwanza kujaribiwa ni 311. Zinazofuata, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055 na 1,241, zote zinagawanyika, hivyo unaruka moja kwa moja hadi 1,303. Ukifika 46,340 umekutana na namba tasa zisizotimia mia moja, na hakuna hata moja inayoigawa.

Kwa kuwa 31 nayo ni 2 kwa kipeo cha 5 ukitoa 1, mtu angetamani mnyororo uendelee. Hauendelei: 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647 ukitoa 1 inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Kigawo hicho nacho kimetii sheria zilezile, kwani kikigawanywa kwa 8 huacha 7, na ukikipunguza 1 unapata 2 mara 2,147,483,647 mara 68,745.