Karafuu za Ami Zilizogoma Kufunguka

Wakati ule nilikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake, naingia saa mbili asubuhi, natoka magharibi. Masomo ya jioni ya kutengeneza tovuti mjini yalitaka mshahara wangu wa miezi mitatu. Nikashika freeCodeCamp, tovuti ya masomo ambayo ni ya bure, na DevDocs, mkusanyiko wa maelezo ya lugha za kompyuta, ya kutazamia. Hii DevDocs ndiyo iliyonifaa zaidi: ukishawasha sehemu yake ya kusoma bila intaneti na kuchagua HTML, CSS na JavaScript, lugha za kuandikia tovuti, brauza inaziweka ndani, bando likikatika unaendelea. Video niliziacha. Zinamaliza bando kabla hujaandika mstari.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tovuti ya ami yangu wa Wete, mkulima wa karafuu. Niliipandisha GitHub Pages, huduma ya kuwekea tovuti mtandaoni, hailipiwi, ila haiendeshi PHP, lugha inayofanya kazi upande wa seva. Inatoa kurasa kama zilivyo. Ijumaa moja baada ya isha nikamfungulia kwenye simu yake. Maandishi yalikuja yote. Picha sita, zikaja mbili.

"Mwanangu, karafuu zangu nyengine umezipeleka wapi?"

Kwenye laptopu yangu zote zilionekana, na hapo ndipo penye mtego. Windows haijali herufi kubwa na ndogo katika jina la faili. Seva ya GitHub Pages, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inajali. Kwenye ukurasa nilikuwa nimeandika jamvi3.jpg, na faili lenyewe ni jamvi3.JPG. Mbili zilizofunguka zilikuja kwa WhatsApp zikiwa na .jpg ndogo, nne zilitoka kwenye kamera ya kuazima, inayoandika .JPG. Nami sikuliona hilo, maana Windows huficha kiishio cha jina la faili mpaka uiamuru ikionyeshe.

Nikabadilisha majina, nikapandisha tena. Hamna kitu! Git, programu ninayopandishia mafaili, kwenye Windows, jina likibadilika ukubwa wa herufi tu, huona hakuna kilichobadilika. Dawa yake ni hatua mbili: kwanza lipe faili jina jengine kabisa, mathalan x3.jpg, uhifadhi kwa git; kisha lirejeshe jamvi3.jpg, uhifadhi tena. Tangu hapo majina yangu yote ni herufi ndogo, bila nafasi katikati.

Nilipokuwa humo humo nikapunguza na uzito. Kila picha ya kamera ilikuwa na MB 4 na zaidi, na mteja anayefungua kwa bando la siku hatangoja. Nikazipunguza hadi upana wa pikseli 1200, hakuna iliyozidi KB 250.

Ami akafungua tena, bado nne hazipo. Mabadiliko yalikuwa hayajafika. GitHub Pages huweza kuchukua hadi dakika 10 kuyaonyesha. Tukanywa chai. Alipofungua mara ya tatu akazihesabu kwa kidole, sita, kisha akaniuliza kwa nini jamvi la tatu nimelipiga likiwa kivulini.