Nilivyosomea ualimu wa kompyuta

Nilichagua ualimu wa kompyuta kwa sababu ya mkopo. Sioni haya kulisema. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2020 na PCM (fizikia, kemia na hisabati) ya matokeo ya kawaida tu, nyumbani hakuna wa kunilipia ada, na mtaani kila mtu alikuwa anasema Bodi ya Mikopo inawaangalia kwanza wanaosomea ualimu wa sayansi na hisabati. Kwenye orodha ya kozi nikaiona shahada ya ualimu katika TEHAMA, nikaijaza namba moja. Aliyeijaza hasa ni kijana wa steshenari, maana mimi kompyuta nilikuwa sijawahi kuishika. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikimtajia namba ya mtihani, yeye anabonyeza.

Wadogo zangu wanaotaka kupita njia hii huniuliza kama ni lazima uwe unaijua kompyuta kabla ya kuanza. Si lazima. Ila ujiandae kusoma fani mbili kwa wakati mmoja, na kazi ya kuziunganisha utaifanya mwenyewe. Asubuhi tulikuwa na uprogramu kwa lugha ya C, hifadhidata na mitandao, tumekaa pamoja na wenzetu watakaokuja kutengeneza mifumo ya benki. Mchana tulikuwa na saikolojia ya elimu, mitaala na upimaji, safari hii tumekaa na watu wa historia na jiografia. Wahadhiri wa asubuhi walitufundisha kama watu ambao hawatakuja kumwona mtoto wa kidato cha kwanza maishani mwao. Wa mchana walitoa mifano ya vita vya Maji Maji na mzunguko wa maji. Mifano mizuri, lakini mimi nilitaka kujua utamwelezaje mtoto wa miaka 14 kwamba kisanduku kinachoitwa x kina 5 ndani yake, na baada ya mstari mmoja kina 6.

Mwaka wa kwanza sikuwa na laptop. Bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka kwenye mkopo, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, ukitoa chakula hakibaki kitu cha kununulia mashine. Kwa hiyo programu zangu niliandika kwenye daftari, nikachora jedwali pembeni, safu moja kwa kila kigeu (ndicho kile kisanduku chenye jina kama x), nikafuata mstari kwa mstari kwa penseli nikiandika thamani inavyobadilika. Jioni naazima laptop ya mwenzangu wa chumbani, naipiga upesi upesi, naangalia kama mashine imetoa jibu nililolipata kwenye karatasi. Wenzangu waliokuwa na laptop zao walikuwa wanabadilisha hiki na kile mpaka programu ikubali, bila kujua kwa nini imekubali. Mpaka leo jedwali lile la penseli ndilo chombo changu kikubwa cha kufundishia, na halihitaji umeme.

Somo lililonibadilisha lilikuwa la mazoezi ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe. Unapewa dakika chache, wenzako wanajifanya wanafunzi, na wanajifanya kweli, maana kuna wanaolala na kuna wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni. Mada yangu ilikuwa vifaa vya kuingizia taarifa. Nikaeleza kibodi vizuri kabisa, kisha jamaa mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akauliza kwa sauti ya kitoto, "Madam, kompyuta inajuaje kwamba nimebonyeza A?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua hilo ndilo swali lenyewe. Kila herufi ina namba yake, A kubwa ni 65, na 65 kwenye mfumo wa jozi, ule wa kuandika namba kwa 0 na 1 tu, ni 1000001, yaani nafasi za 64 na 1 zimewashwa na zilizobaki zote zimezimwa. Nilipolijibu kwa namna hiyo, mhadhiri aliacha kuandika akanitazama. Kuanzia siku ile nilipanga masomo yangu kwa kujiuliza mtoto mtundu atauliza nini, halafu naanzia hapo.

Mazoezi ya kufundisha ya mwaka wa pili nilipangiwa shule ya kata wilayani Manyoni, mkoani Singida. Ukishuka stendi unapokelewa na upepo na vumbi, na msimu wa mavuno magunia ya alizeti yamepangwa kandokando ya barabara. Mwalimu wangu mlezi alikuwa mtu mzima wa hisabati ambaye alikabidhiwa kompyuta kwa sababu ofisini ni yeye tu aliyekuwa na laptop yake. Nilimwamkia, akaitikia, akatoa ufunguo mfukoni. "Mwanangu, maabara ile pale. Ukiharibu sema, usinifiche."

Zilikuwa mashine sita, zimefunikwa kanga. Iliyowaka bila tatizo ni moja. Ya pili ilikuwa inalia pii, pii, pii, kioo kimebaki cheusi. Bahati yangu ni kwamba likizo nilikuwa nakaa kwa fundi mmoja wa mjini, namsaidia bila malipo, ananifundisha bila malipo. Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua ubavu wa mashine, nikatoa kijiti cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, nikasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio mweupe wa penseli, nikapuliza vumbi, nikakirudisha mpaka vishikizo vyote viwili vikasema ta. Ikawaka. Mbili nyingine nazo zilikuwa na ugonjwa huohuo. Ya tano ilikuwa inasahau tarehe kila ikizimwa. Ilitaka betri ya sarafu, ile CR2032, ipo hata kwa mafundi saa. Ya sita nilishindwa nayo, lakini sikuiacha ikae bure. Niliifungua wazi nikaiweka juu ya meza ya mbele, wanafunzi wakaona kwa macho yao diski kuu na feni, wakashika.

Hakuna kozi iliyonifundisha kusugua RAM, na jambo hilo ndilo lililonipa heshima ofisini kuliko barua ya chuo. Tangu siku hiyo kila mwalimu aliniletea flashi yake yenye virusi, zile ambazo ukifungua unakuta kila folda imegeuka njia ya mkato. Inachosha, lakini ukimsaidia mwalimu wa taaluma flashi yake, na yeye hatakusumbua ukiomba vipindi viwili mfululizo kwenye ratiba.

Sasa hesabu: mashine tano, kidato cha kwanza mkondo mmoja zaidi ya watoto sitini. Nikigawa darasa nusu kwa nusu, bado mashine moja ina watoto sita. Nikaweka watatu watatu kwa zamu, wengine wakae mezani na kazi ya karatasi. Kwenye kila kundi la watatu mmoja anashika kipanya, wa pili anasoma maelekezo kwa sauti, wa tatu anaandika kilichotokea. Sheria ilikuwa moja na sikuilegeza: mwenye kipanya hafanyi kitu ambacho msomaji hajakisema. Nikipiga makofi wanabadilishana. Bila sheria hiyo wavulana wawili watatu wenye simu janja nyumbani wanashika kipanya kuanzia mwanzo wa kipindi hadi kengele, na wasichana wanabaki kuchungulia mabegani. Walimu wengi wanasema wasichana hawapendi kompyuta. Nilichokiona mimi ni kwamba hawapewi kipanya.

Waliokuwa mezani walikuwa na kibodi za maboksi. Kila mtoto alikata kipande cha boksi la biskuti, akachora vitufe vyote kwa mpangilio uleule, na kwenye F na J tukadondosha tone la gundi likakauka, ili kidole cha shahada kijue kwao ni wapi bila macho kuangalia. Wakaenda nazo nyumbani. Unapita saa za mapumziko unamkuta mtoto amekaa chini ya mwarobaini anaandika jina lake kwenye boksi, macho yako juu.

Kipindi nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha mfumo wa jozi, na kompyuta haikuwashwa hata moja. Mbinu si yangu. Imeenezwa duniani na Tim Bell, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake, na nilikutana nayo chuoni. Unatengeneza kadi tano, zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Wanafunzi watano wanasimama mbele wakizishika, 16 ikiwa kushoto kwa darasa. Kadi ikionyesha nukta ni 1, ikigeuzwa mgongo ni 0. Nikaanza na tarehe za kuzaliwa, kwa sababu hakuna tarehe ya mwezi inayozidi 31, na kadi zote tano zikiwa wazi jumla yake ni 31 kamili. Aliyezaliwa tarehe 19 akaja akawapanga wenzake: 16 wazi, 8 geuza, 4 geuza, 2 wazi, 1 wazi. Darasa zima likasoma 10011.

Nilikuwa nimeuliza kwa Kiingereza, kama sheria ya sekondari inavyotaka, kadi ya sita ingekuwa na nukta ngapi. Kimya. Nikauliza tena kwa Kiswahili. Msichana mmoja ambaye tangu nifike sikuwahi kuisikia sauti yake akasema, "Thelathini na mbili, madam. Kila moja ni mara mbili ya mwenzake." Nikamwomba aje tuliandike ubaoni pamoja kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani wa taifa hautamuuliza kwa Kiswahili. Nafanya hivyo mpaka leo. Wazo linaingia kwa lugha ya nyumbani, kisha tunalivalisha sare. Najua wapo wakaguzi wasiolipenda hilo.

Mhadhiri wa kututathmini alifika wiki iliyofuata bila kutoa taarifa, akakaa nyuma na fomu yake. Alikagua azimio la kazi na andalio la somo, akauliza kwa nini safu ya tathmini iko fupi. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Hakuniuliza mimi. Alimwinamia mtoto wa dawati la mwisho akamwambia aandike 22. Mtoto hakugusa kalamu kwanza. Alinyoosha mkono, vidole vitano badala ya kadi tano, akakunja viwili, kile cha 8 na kile cha 1, vitatu vikabaki vimesimama, akaviangalia, ndipo akaandika 10110. Mhadhiri akamwomba jirani yake 13. Akamwomba mwingine 31, huyo akafungua mkono wote akacheka. Nje aliniambia nipunguze kusema, kwamba dakika kumi za mwanzo darasa lilikuwa langu peke yangu. Alikuwa sahihi, na sasa hivi naweka saa mezani.

Baada ya kuhitimu 2023 nilijitolea kwenye shule moja kwa posho ndogo, nikisubiri ajira. Wakati huo mtaala mpya ukaanza kuingia sekondari, na ndani yake likaja somo la Sayansi ya Kompyuta. Tuliokuwa tumejipanga kwa ICS, somo la kompyuta la mtaala wa zamani, tukalazimika kuchukua muhtasari upya na kuanza maandalio mwanzo. Mimi nilifurahi, japo niliumia mgongo kwa kuandika. Kisha ukaja usaili wa walimu kupitia Sekretarieti ya Ajira. Zamani ilikuwa unaomba, unasubiri majina yatoke. Sasa unafanya mtihani wa kuandika, na ukipita unaitwa mbele ya jopo. Ukienda, usiende na nadharia za Piaget, yule mwanasaikolojia wa makuzi ya watoto, peke yake. Beba mfano mmoja wa somo ambao umeshaufundisha watoto wakaelewa, uwe unaweza kuueleza hatua kwa hatua ukiwa mikono mitupu.

Kwa anayeingia chuo mwaka huu, nunua laptop ya mtumba hata kama betri yake imekufa, na likizo tafuta fundi ukae kwake. Masomo ya ualimu usiyadharau kwa kuwa hayana mashine ndani yake. Upimaji utakufaa siku utakapotunga mtihani wa vitendo kwa watoto sitini na kompyuta tano, wa kwanza akimaliza asimwonyeshe anayesubiri zamu. Jibu langu hapo ni kuandaa maswali ya aina tatu zenye uzito mmoja na kuwafungia wanaosubiri darasa la pembeni na mwalimu wa zamu. Na ukishapangiwa shule ya mazoezi, mpigie mkuu wa shule mapema umuulize ni mashine ngapi zinawaka. Ukimuuliza ziko ngapi atakutajia hata zile za stoo.