Kumbe ardhi nayo ina neno lake kwenye mazishi

Tangu bibi yangu afariki nimekuwa mtu wa kusoma sana habari za mazishi, yaani siku ile nilisimama pale naangalia tuta la udongo mbichi nikawa najiuliza hivi kwanini binadamu hatuzikani namna moja dunia nzima. Nilikuwa naamini jibu ni dini basi. Kumbe ardhi nayo ina neno lake, na wakati mwingine ndiyo inayokata shauri.

Chukua Tibet. Kule milimani chini ni mwamba, baridi inaigandisha ardhi, kuchimba kaburi ni shughuli pevu na kuni za kuchomea mwili nazo ni za kutafuta. Ndio maana wengi wao mwili wa marehemu unapelekwa mlimani, unakatwa, tumbusi wanaula. Najua inashtua, hata mimi ilinishtua, ila kwa Wabudha wa kule roho imeshaondoka na huo mwili ni sadaka ya mwisho kwa viumbe wenye njaa. Hilo la sadaka limenikaa moyoni mpaka leo.

Sasa Waparsi wa Mumbai, hawa ni wafuasi wa Zoroasta, nabii wa kale wa Uajemi, kwao moto na maji na ardhi ni vitakatifu, maiti haitakiwi kuvichafua, kwahiyo wana minara ya duara isiyo na paa pale Malabar Hill, inaitwa Minara ya Ukimya, na wao walikuwa wanategemea tumbusi. Miaka ya 1990 tumbusi wa India wakaanza kuisha, aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95! Mwaka 2004 watafiti wakamjua mchawi, ni diklofenaki, hii hii dawa ya maumivu tunayomeza ukiumwa mgongo. Ng'ombe alikuwa anatibiwa nayo, akifa tumbusi anakula mzoga, figo zinafeli, naye anakufa. India ikapiga marufuku kuitumia kwa mifugo 2006 lakini ndege hawazaliani kwa haraka hivyo, ikabidi Waparsi wafunge vioo vya kukusanya joto la jua ili likaushe miili. Dawa ya ng'ombe imevuruga ibada ya karne na karne, inauma sana.

Na ardhi huwa inajaa pia. Paris mwaka 1780 ukuta wa stoo ya chini ya nyumba moja uliporomoka kwa uzito wa makaburi ya jirani, miili ikamwagikia ndani. Kuanzia 1786 mifupa ikawa inahamishwa usiku kwa mikokoteni iliyofunikwa vitambaa vyeusi, mapadri wanaomba, mpaka kwenye machimbo ya zamani chini ya jiji. Iko kule mpaka leo, ya watu zaidi ya milioni 6.

Ila iliyonikalisha macho usiku ni ya ardhi ya barafu. Longyearbyen, kule Svalbard kaskazini kabisa mwa Norwei, makaburi yaliacha kupokea majeneza karibu na mwaka 1950 kwasababu udongo umeganda, miili haiozi. Na kijiji cha Brevig Mission huko Alaska, Novemba 1918 homa ya mafua iliua watu 72 kati ya 80 ndani ya siku tano tu, wakazikwa kaburi moja. Mwaka 1951 kijana mmoja mwanasayansi anaitwa Johan Hultin akaenda kuwaomba wazee wa kijiji ruhusa ya kufukua ili akitafute kirusi cha mafua yale, wakamruhusu, akachukua sampuli lakini kirusi hakikuota maabara. Miaka 46 baadaye, 1997, yeye mwenyewe ana miaka 72, akarudi palepale, akaomba ruhusa tena, akakuta mwili wa mama mmoja mnene ambaye mafuta yake yalikuwa yameyakinga mapafu yasiharibike. Akampa jina Lucy. Kutokana na mapafu hayo na sampuli nyingine chache zilizohifadhiwa tangu 1918, ilipofika 2005 wanasayansi walikuwa wamesoma vinasaba vyote vya kile kirusi.

Kabla hajaondoka, Hultin alikuta misalaba ya lile kaburi imeshaoza, basi yeye mwenyewe akatengeneza mipya miwili ya mbao kwa mikono yake, akaisimamisha.