Ngazi za Albany na sheria ya 1945

Jana nimepanda zile ngazi za mawe za jengo la Bunge la jimbo la New York, pale Albany, nikisimama kila hatua kutazama nyuso zilizochongwa kwenye mawe. Kisha nikakaa roshani ya wageni, kimya.

Ndugu zangu, wabunge wa 1945 walikutana hapa kuanzia Januari hadi Machi tu, vita bado vinapiganwa. Miezi mitatu! Lakini ndani yake walipitisha sheria ya Ives-Quinn: marufuku kumnyima mtu kazi kwa sababu ya rangi, dini au asili yake. Jina hilo ni la wabunge wawili walioiwasilisha: Ives wa chama cha Republican, Quinn wa Democrat. Gavana Thomas Dewey akatia saini Machi 12. New York ikawa jimbo la kwanza Marekani kuwa na sheria ya namna hiyo, yenye tume ya kusikiliza malalamiko.

Miaka sita iliyopita nilijaza fomu ya kazi ya ghala huku, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Chini kulikuwa na mstari mdogo kuhusu rangi na dini. Niliuruka. Leo asubuhi nimeitoa nakala yangu kabatini, nimeusoma wote, kwa sauti, watoto wakinisikiliza.