Kiini cha yai kwenye sabuni ya kuogea: vipimo, joto na harufu

Yai likiingia kwenye sabuni hukutana na maadui wawili, joto na kostiki soda (ile kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni). Joto la nyuzi 65 na kuendelea linatosha kugandisha kiini, na kostiki soda kali hukigandisha hata bila moto. Ndiyo maana sabuni nyingi za mayai hutoka na chembechembe za njano kama mayai ya kuvuruga, halafu lawama zote zinaangukia mayai.

Tumia kiini peke yake. Ute ni maji na protini tu, hauna mafuta ya kuifaa sabuni, na ndio unaotoa zaidi ile harufu ya yai viza ukikutana na kostiki. Huko Uswidi kuna sabuni za uso za miaka mingi zenye ute na lanolini (mafuta ya manyoya ya kondoo), kwa hiyo kutumia ute kunawezekana, ila kwa anayeanza ni kujitafutia kazi. Peleka ute jikoni. Kiini kina mafuta zaidi ya robo ya uzito wake, pamoja na lesithini (mafuta ya asili yanayosaidia maji na mafuta kuchanganyika), na hivyo ndivyo vinavyofanya povu liwe zito na laini kama krimu. Mengine yanayosemwa mitandaoni, kwamba sabuni ya mayai inaondoa madoa na kurudisha ujana, usiyaandike kwenye pakiti yako. Sabuni inakaa mwilini dakika moja kisha inasuuzwa.

Vipimo vya kilo moja ya mafuta ni hivi: mafuta ya nazi gramu 300, mawese yaliyosafishwa 450, alizeti 200, nyonyo 50. Kostiki soda gramu 144, maji 270, viini viwili. Kila kitu kipimwe kwa mizani, maji pia. Vikombe na vijiko havifai hapa. Hesabu hiyo ya kostiki inaacha asilimia 5 ya mafuta bila kugeuka sabuni, na mafuta ya viini (kama gramu 9 au 10) yanaongezea kidogo juu yake. Maji yamepunguzwa makusudi kwa sababu nusu ya kiini ni maji. Mayai ya kienyeji huwa madogo, kwa hiyo pima viini vyenyewe: gramu 30 hadi 35 ndiyo kiasi. Ukizidisha, sabuni inakuwa laini na harufu inachelewa kutoka. Alizeti nayo usiipandishe sana, ni mafuta yanayochacha upesi.

Vaa glavu na miwani ya kinga, fungua madirisha. Kostiki inamwagwa kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya kostiki yanaweza kuchemka ghafla na kukurukia. Tumia chombo cha plastiki ngumu au chuma cha pua. Sufuria za alumini, hizi tunazopikia kila siku, ni marufuku kabisa: kostiki inazila na kutoa gesi inayowaka. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Siki usipake kwenye ngozi.

Mchanganyiko wa kostiki hupanda joto karibu na kuchemka, hivyo uache upoe hadi nyuzi 38. Yayushe mafuta, nayo yashuke hadi 38 au 40. Usiyaache yapoe chini ya hapo sana, maana mawese yataanza kuganda na utadhani uji wa sabuni (mafuta yaliyochanganywa na kostiki) umeshika kumbe ni mafuta tu yamelala. Sabuni ya namna hiyo hujitenga ndani ya boksi la kuimiminia.

Wakati kostiki na mafuta vinapoa, shughulikia viini. Vunja kila yai kwenye kikombe chake, moja likiwa viza lisiharibu lingine. Viwe vimekaa nje ya friji hadi vitoke ubaridi. Shika kiini kwa ngozi yake, kitoboe, acha cha ndani kimwagike na ngozi ubaki nayo vidoleni. Chota gramu 50 hivi za yale mafuta yaliyopoa, piga pamoja na viini hadi viwe rojo moja, kisha pitisha kwenye chujio la chai. Hatua hii watu wanaiona ya urembo. Kipande cha kiini kilichobaki ndani ya sabuni ndicho kinachochacha na kuacha doa la kahawia baada ya miezi.

Rudisha rojo kwenye mafuta yote, zungusha na blenda ya mkono sekunde chache, ndipo kostiki iingie taratibu huku unakoroga. Kiini kikiwa kimeshasambaa ndani ya mafuta, kostiki haikikuti peke yake. Uji ukianza kuacha alama juu, weka manukato. Mafuta ya mchaichai gramu 15 yanafunika vizuri harufu ya yai. Mafuta ya karafuu yataka tahadhari, yanaweza kugandisha uji ukiwa bado mkononi.

Mimina kwenye boksi na usilifunike blanketi kama sabuni nyingine. Yai huongeza joto la ndani, na kwa hali ya hewa ya Dar au Mombasa sabuni inaweza kupasuka katikati au kufura. Iweke penye hewa, hata mbele ya feni. Kata baada ya saa 24 hadi 48. Utapata vipande kama 14.

Siku za mwanzo itanuka kidogo, mchanganyiko wa yai na amonia. Ni kawaida, inatoka yenyewe sabuni ikiendelea kukauka. Acha ikomae wiki 6 kwenye kivuli, vipande visigusane. Ikiwa baada ya hapo bado inanuka, au ina vishimo vyenye majimaji, usiuze wala usiogee.

Mapishi haya ni ya sabuni ya kostiki peke yake. Yai bichi kwenye sabuni ya maji, au kwenye ile ya kuyeyusha na kumimina, halijapitia kostiki kali, na litaoza humo humo. Na kwenye pakiti andika wazi kwamba kuna yai, kwa ajili ya wenye mzio.