Stika ya QR si kufuli, lakini baiskeli yako inaihitaji

Hapa Busia, upande wetu wa Uganda, baiskeli ikiibiwa saa mbili asubuhi, saa tatu inaweza kuwa imeshaingia Kenya. Haipiti kwenye kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa 2018. Inapita njia za panya, ikisukumwa taratibu na kijana ambaye ungedhani ametumwa dukani. Mimi ni fundi wa baiskeli katika mji huu ambako boda boda zilianzia, tena kwa baiskeli, miaka ya 1960. Siku hizi nawabandikia wateja wangu stika za QR, zile za miraba midogo myeusi zinazosomwa kwa kamera ya simu, na naandika kwa sababu wengi wanazitegemea kwa kazi isiyo yake.

Stika haimzuii mtu mwenye msumeno. Kufuli nunua, tena zito, na ufunge fremu pamoja na gurudumu kwenye nguzo. Stika kazi yake inaanza baadaye, mwizi anapotafuta mteja. Haibi baiskeli ili aendeshe, anaiba auze, na anauza haraka kwa bei ya kutupa kwa mtu asiyeuliza maswali. Mnunuzi akiweza kuuliza simu yake badala ya kumwuliza muuzaji, biashara hiyo inaharibika palepale.

Ukurasa wa mtandaoni unaofunguliwa na stika ameutengeneza mtoto wa dada yangu anayesomea kompyuta. Kila stika ina namba yake. Ukiiskani unaona picha ya baiskeli, rangi, alama zake kama keria iliyochomelewa, tarakimu nne za mwisho za namba ya fremu, na neno moja: SALAMA au IMEIBIWA. Jina la mwenye mali halionekani, wala simu yake. Kijana alitaka viwekwe, mimi nikakataa katakata. Binti anayeegesha baiskeli sokoni asitembee na namba yake ya simu hadharani, na Uganda tuna sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019. Aliyeskani anaandika ujumbe, nao unamfikia mwenyewe bila wawili hao kuoneana namba. Mwenye simu ndogo ya kitochi anasoma namba iliyochapwa chini ya stika, anatuma ujumbe mfupi, tunamjibu.

QR ilibuniwa Japani mwaka 1994, katika kampuni ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Ikichapwa kwa kiwango cha juu cha kujisahihisha, inaweza kusomeka hata ikiharibika karibu asilimia 30, kwa hiyo tope na mikwaruzo midogo haviitishi. Taabu yetu ni bomba la fremu, kwa kuwa ni mviringo. Stika kubwa inalizunguka bomba, kamera inaona nusu tu, na ile miraba mitatu ya kwenye kona, ambayo simu huitafuta kwanza, inajificha upande wa pili. Natumia stika ndogo, naibandika chini ya kiti, mahali ambapo paja halisugui wala jerikeni haigusi.

Kuna atakayeikwangua, najua. Ndiyo maana sibandiki stika kabla sijaisoma namba ya fremu. Napindua baiskeli magurudumu juu. Namba mara nyingi iko chini kabisa, pale ekseli ya pedali inapopita, imezikwa na tope lililogandana na grisi. Nasugua kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, nakausha kwa kitambaa, napaka chaki kisha nafuta juu juu. Chaki inabaki ndani ya mikato, namba inatokeza nyeupe. Mzee mmoja anayebeba makaa aliinama akaitazama kwa muda.

"Fundi, miaka yote hii nimeikalia, sikujua ina namba."

"Mzee wangu, hata aliyetaka kukuibia huenda hajui."

Wanaoniuma zaidi ni wenzetu walemavu wanaovusha mizigo mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu. Mwingine akiibiwa baiskeli anatembea. Huyu akiibiwa hatoki nyumbani, na watoto wanalala njaa. Zao naziandikisha bure, na sitabadili.

Ufaransa, tangu 2021, muuzaji haruhusiwi kuuza baiskeli mpya isiyo na alama iliyosajiliwa. Japani mmiliki analazimika kisheria kuandikisha yake. Sisi tunategemea karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Ni karatasi nzuri, usiitupe, ila inakaa sandukuni wakati baiskeli iko barabarani, na aliye ng'ambo ya mpaka hawezi kuiona. Orodha inayoishia mpakani haitufai kitu sisi wa Busia. Nimezungumza na mafundi kadhaa wa upande wa Kenya, na baadhi yao sasa wanaskani kabla ya kushika spana. Natamani wakuu wa pande zote mbili wakae na waifanye kazi hii kwa pamoja, maana mafundi peke yetu hatufiki mbali.

Sasa hili nawaomba sana, mafundi wenzangu. Ukiskani ukakuta IMEIBIWA, usipige kelele za mwizi. Tunajua kelele hizo zinavyoishia mitaani mwetu: mawe, tairi, na maiti. Huyo aliyeileta huenda aliinunua jana kwa jasho lake bila kujua lolote. Mwambie kwa upole kwamba breki zinahitaji kazi, arudi jioni. Tuma ujumbe kupitia ukurasa. Mwenye mali aende kituo cha polisi kwanza, asije kwako na genge la vijana. Afande atataka uthibitisho, kwa hiyo awe na picha, namba kamili ya fremu na ile karatasi ya LC. Baiskeli ikiwa imepakwa rangi mpya na stika imekwanguliwa, mpindulieni afande baiskeli, mswaki na mafuta ya taa viwe karibu.