Jinsi nilivyomlea mbwa mwenye figo mbovu hapa Nyegezi, Mwanza

Popi alikuwa na umri wa miezi minane alipoanza kunywa maji kupita kiasi, na kila alfajiri nilikuta sebule imelowa. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu na aliyefuga mbwa tangu mimi nikiwa mtoto, alinishauri nimnyime maji kuanzia jioni, kwani huo ulikuwa utundu tu. Nilimtii kwa siku mbili. Asubuhi ya tatu Popi alitapika povu na kushindwa kusimama, na hasira niliyoipata, nyingi ikiwa juu yangu mwenyewe, haijaniisha mpaka leo.

Daktari wa mifugo alimtoa damu, kisha akaagiza mkojo wa asubuhi. Nilimfuata Popi uani nikiwa na kopo la majarini, lakini kila nilipoinama aliahirisha haja yake, akageuka na kunilamba uso. Siku ya pili nilijificha nyuma ya mgomba, nikachomoka kwa kishindo, na kile kidogo nilichokinga kikaishia kwenye suruali yangu ya kazini. Siku ya tatu nilifunga upawa kwenye mpini wa fagio, nikatembea nyuma yake huku nikitazama ziwa kama mtu asiye na shida naye, na alipochuchumaa nikausogeza taratibu chini yake. Mkojo ulikuwa mwepesi, karibu kama maji ya bomba.

Daktari alinieleza kwamba figo zake hazikukua sawasawa tangu tumboni mwa mama yake, hivyo haziwezi kubana maji: Popi alikuwa anakunywa kwa sababu anakojoa sana, wala si kinyume chake. Kreatinini, uchafu wa mwilini ambao figo huuchuja, hupanda kwenye damu baada ya takriban robo tatu ya uwezo wa figo kupotea, na yake ilikuwa imekwisha kupanda.

Nami, nikijiona mfugaji hodari, nilikuwa nikimlisha dagaa wa soko la Mwaloni na mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyotolewa minofu, kumbe mifupa ile imejaa madini ya fosforasi ambayo figo mbovu hushindwa kuitoa. Tulihamia wali, ute wa mayai na nyama kidogo isiyo na mfupa, kwa vipimo alivyoandika daktari, pamoja na dawa ya kukamata fosforasi inayochanganywa kwenye chakula; viini tunavila sisi, na watoto wamevichoka. Bakuli la maji halikauki. Vipimo vya mwanzo vilinigharimu bei ya mbuzi mnono.

Popi sasa ana miaka miwili na nusu, mwembamba lakini mchangamfu. Kila baada ya miezi mitatu tunarudi kupima, na upawa ule una msumari wake nyuma ya mlango wa uani, kwa kuwa mke wangu alikataa katakata usirudi jikoni.